Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ukishuka bandarini Mkoani ukapanda gari ya Kengeja, utapitia Mtambile, kisha utaingia kusini baina ya mikarafuu, migomba na makonde ya muhogo. Wapemba wengi wakisikia jina la Kengeja hukumbuka mchezo wa ng'ombe. Lakini mtu wa huko akishikwa na kiuno, linaloshangaza ni wingi wa milango iliyo wazi mbele yake. Kipo kituo cha afya. Yupo mama mtu mzima anayechua, mwenye mafuta yake na vidole vinavyoujua mshipa uliokaa vibaya. Yupo anayeumika kwa pembe la ng'ombe na wembe, au siku hizi kwa vikombe vya plastiki vyenye pampu. Yupo sheikh wa kumwandikia kombe kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi, maji yake yakanywewa. Na wakishindwa hao, au hata kabla ya kuwaendea, iko Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, ambako madaktari wa Jimbo la Jiangsu hupokezana zamu.

Katika safu hiyo ndefu, huyo wa mwisho ndiye peke yake mwenye tarehe ya kuondoka. Mchuaji atabaki. Sheikh atabaki, na akifa atazikwa hapo hapo. Daktari wa Jiangsu atamaliza zamu yake, atapigwa picha na viongozi, atapanda ndege. Watu wengi wanapojadili tiba ya kigeni huuliza kama inaponya au haiponyi, na ni haki yao. Swali hilo lina mwenzake, la kidini zaidi, lisiloulizwa sana: uponyaji ukivuka bahari, unakaa wapi? Kwenye chombo, kwenye mkono, kwenye maneno, au kwenye ule ugeni wenyewe? Na ukienda kombo, nani anaubeba?

Pemba ina sababu ya kulijua swali hili kwa pande zote mbili, kwa kuwa kwa muda mrefu imepeleka waganga wengi kuliko ilivyowapokea. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, aliyepita visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha safari cha 1931 kwamba alisikia wanafunzi wa uchawi wakija Pemba kuhitimu kutoka maziwa makuu, na hata kutoka Haiti. Waugh alipenda kutia chumvi, na hakuna haja ya kuyameza yote. Lakini sifa aliyoisikia ipo hadi leo. Katika nguzo za umeme za Dar es Salaam tangazo la mganga kutoka Pemba limebandikwa juu ya tangazo la mganga kutoka Sumbawanga. Watu wa Mombasa na Tanga huwaagiza; jamaa walioko Muscat, ambao wazee wao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, huwatumia tiketi. Pemba yenyewe hakuna anayejitangaza kuwa ni mganga kutoka Pemba, maana tangazo hilo halina kazi huko. Huko husifiwa fundi aliyetoka Mrima.

China ilifika kwa njia nyingine. Timu yake ya kwanza ya madaktari barani Afrika ilikwenda Algeria 1963. Mwaka uliofuata, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, nyingine ikatua Zanzibar. Tanzania Bara ikapata yake 1968. Tangu hapo Jiangsu haijaacha kuleta watu visiwani. Wamekuja wapasuaji, mabingwa wa macho, wakunga, na pamoja nao wale wa tiba ya sindano. Tofauti na mganga mwenye begi na namba ya simu, hawa waliletwa kwa mkataba wa serikali na serikali. Jambo hilo lina uzito wake, na makala hii italirudia.

Kwanza, sindano yenyewe. Sindano ya hospitali, ambayo kila mtoto wa Kengeja ameijua tangu chanjo ya kwanza, ina tundu, na tundu ndilo lenye kazi: dawa hupita humo. Sindano ya Kichina haina tundu. Ni uzi wa chuma kisichoshika kutu, unene wake wa kawaida kama robo ya milimita, mpini wake umezungushiwa waya ili usiteleze. Daktari huupenyeza kwenye ngozi, akauzungusha polepole baina ya kidole gumba na cha shahada, akauliza kama mgonjwa anahisi uzito au ganzi. Akijibiwa ndiyo, anaiacha palepale dakika 20 au 30. Bibi aliyezoea dawa ya kupitia tunduni ana haki ya kuuliza: "Mwanangu daktari, humo ndani mna dawa gani?" Jibu la kweli ni kwamba hamna kitu.

Wachina wenyewe husema mwilini mnapita nguvu katika njia maalumu, na ikiziba, mtu huumwa. Wamezipa njia hizo vituo 361 vinavyokubalika rasmi. Watasema pia kwamba baridi na unyevu vimekuingia kiunoni. Mchuaji wa Kengeja akitafsiriwa hayo hatashangaa hata kidogo, maana yeye naye husema una baridi ya kiuno na mshipa umepanda. Lugha yake imetoka upande mwingine kabisa wa dunia: kwa Wayunani, ikapita kwa kina Ibn Sina, ikashuka pwani na vitabu vya Kiarabu. Mapokeo mawili yasiyojuana yamekutana kwenye kiuno kimoja na kukubaliana kuhusu baridi. Ama baridi ni kweli inaingia, ama wanadamu kila mahali wakiumwa hujieleza kwa namna moja. Mwandishi anaegemea hili la pili, ingawa mwenye kiuno hatamsikiliza.

Muislamu wa Pemba, na karibu kisiwa kizima ni Waislamu, ana kauli iliyo tayari mdomoni: dawa ni sababu, mponyaji ni Mwenyezi Mungu. Kauli hii ni sahihi na ndiyo itikadi. Tatizo lake ni kwamba inamfaa kila mtu sawasawa. Daktari bingwa huisema, tapeli huisema, na mgonjwa asipopona wote wawili wamesalimika. Ikiwa kila kitu ni sababu, basi hakuna tofauti baina ya kidonge cha malaria na kipande cha karatasi kilichoshonewa kwenye ngozi.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki 1111, hakuridhika kuiacha hapo. Katika Ihya yake, kwenye kitabu cha tawhidi na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, alizigawa sababu mafungu matatu. Fungu la kwanza ni za yakini: maji kwa mwenye kiu, mkate kwa mwenye njaa. Kuziacha hizi si kumtegemea Mungu. Mtu akifa kwa kiu na mtungi uko mbele yake hana sifa yoyote ya uchamungu. La pili ni za dhana, yaani zinazotarajiwa kufaa lakini hazina uhakika, na humo aliitia tiba ya kawaida ya matabibu: kutoa damu, kuumika, dawa za kuharisha. Kuzitumia hakuvunji tawakkul, na katika hali fulani kuziacha kunaweza kuwa bora. La tatu ni za kuwazia tu, nazo alizitolea mfano wa kuchomwa kwa moto na kusomewa. Hizi ndizo mwenye tawakkul huziacha. Msingi wake ni ile hadithi mashuhuri katika Bukhari na Muslim kuhusu watu 70,000 watakaoingia peponi bila hesabu, ambao miongoni mwa sifa zao ni kutotaka kusomewa na kutochomwa kwa chuma cha moto.

Mgawanyo huu una faida kubwa: unamlazimisha mtu ajibu. Haitoshi kusema sindano ni sababu. Ni sababu ya fungu gani? Na swali hilo Ghazali angeliuliza vilevile kuhusu kombe, na kuhusu chuma cha moto ambacho waganga wa jadi wa Oman wamekitumia karne kwa karne, na kuhusu yale majani makavu ambayo Wachina huyawasha karibu na ngozi. Kipimo chake hakijali kitu kimetoka Makka au Nanjing. Hata kuumika, tiba yenye sifa katika hadithi, yeye aliiweka kwenye dhana, haikupandishwa kwenye yakini kwa heshima.

Sasa, kuhusu sindano, sehemu ya jibu inapatikana mbali sana na Pemba. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno. Waliwagawa makundi matatu. Wa kwanza walichomwa sindano katika vituo vya Kichina kama vitabu vinavyoelekeza. Wa pili walichomwa juu juu tu, mahali pasipo kituo chochote. Wa tatu walipewa tiba ya kawaida ya hospitali: dawa, mazoezi, ushauri. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu.

Takwimu hizi zisomwe taratibu. Mwenye kusema sindano ni upuuzi amekosea, maana zimeishinda hospitali karibu mara mbili. Mwenye kusema vile vituo 361 ndivyo vinavyotibu naye hana ushahidi hapa, kwa sababu aliyechomwa pasipostahili alipona karibu sawa na aliyechomwa panapostahili. Watetezi wa fani hujibu kwamba hata kuchoma juu juu ni kuchoma, na ngozi haipendi kuchezewa bure. Hoja yao si dhaifu, lakini haiokoi ramani ya vituo. Kwa kipimo cha Ghazali, kitendo cha kulazwa na kuchomwa kinaingia fungu la pili. Ramani inaelekea la tatu. Daktari mmoja, mikono ile ile, na anachofanya na anachokiamini vimeangukia mafungu mawili.

Kitu gani basi kinafanya kazi? Hapa kuna mtu anayefaa kutajwa, kwa sababu maisha yake ni hii mada yenyewe. Ted Kaptchuk, Mmarekani, alikwenda Macau miaka ya 1970 kusomea tiba ya Kichina, akarudi Massachusetts kufungua zahanati ya sindano na mitishamba. Amesimulia kwamba mwanamke mmoja aliyemtibu kifua alirudi na zawadi ya zulia kumshukuru kwa kumponya ovari, na upasuaji aliokuwa akiungoja ukafutwa. Kaptchuk hakuamini kuwa sindano zake zimefanya hivyo, wala hakujua nini kimefanya. Mganga mwingine angelitundika zulia ukutani na kupandisha bei. Yeye aliishia Chuo Kikuu cha Harvard, akitafiti uponyaji usiotokana na dawa.

Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 262 wa tumbo la kusokota lisilo na kidonda. Sindano zote zilikuwa za uongo: ncha inarudi ndani ya mpini, ngozi haitobolewi. Kundi moja liliachwa kwenye orodha ya kusubiri. La pili lilipata sindano hizo kutoka kwa tabibu asiyezungumza sana, ziara ya kwanza isiyozidi dakika 5 za maneno. La tatu lilipata sindano zile zile kutoka kwa tabibu aliyekaa nao dakika 45, akawauliza wanaishije, akawasikiliza, akawagusa mkono, akanyamaza akifikiri. Waliosema wamepata nafuu ya kutosha baada ya wiki 3: asilimia 28, 44 na 62.

Yule mama anayechua Kengeja hahitaji kuambiwa haya. Kabla hajatia mafuta mkononi ameshauliza habari za watoto, ameshajua shamba la nani limeuzwa na mume yuko wapi. Anayehitaji kuambiwa ni daktari aliyesoma, mwenye wagonjwa 60 mlangoni, ambaye hana hizo dakika 45 na hatazipata mwezi huu.

Lakini maneno peke yake hayamalizi habari, kwa kuwa Mchina wa Mkoani mara nyingi huzungumza kwa mkalimani au kwa Kiswahili cha kuokoteza, na bado watu humpanga foleni. Elisabeth Hsu, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyefuatilia tiba ya Kichina Afrika Mashariki, Pemba ikiwemo, na kutoa kitabu juu yake 2022, aliliona jambo la ajabu mapema, katika makala yake ya 2002. Ulaya watu huifuata tiba ya Kichina wakiisifu kuwa ya upole, ya asili, inayokwenda taratibu. Wagonjwa wa Tanzania walimwambia wanaipenda kwa sababu inafanya kazi haraka. Na katika zahanati za binafsi walichokitaka zaidi ni vidonge vilivyokwisha tengenezwa, si sindano. Dawa moja, nchi moja iliyoitoa, sifa mbili zinazopingana. Kila mwenyeji alimvika mgeni kile alichokikosa kwao: Mjerumani aliyechoshwa na mashine alitaka upole, Mswahili aliyechoshwa na kusubiri alitaka kasi.

Pwani hii ilijua zamani kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Mwenyeji tunamjua udhaifu wake, tumecheza naye, tunajua mtoto wake mwenyewe alimshinda; mganga hajigangi. Mgeni anafika bila historia. Nusu ya nguvu yake ni kile tusichokijua juu yake.

Mtu atasema: kama ugeni unaponya, hasara iko wapi? Mgonjwa amepona, mganga amekula, Mungu ameshukuriwa. Hoja hii inavutia, na wako wanaoishi nayo vizuri. Kisa cha Loliondo kinaonyesha inapovunjika. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha maji ya mzizi wa mti wa mugariga kijijini Samunge, huko Loliondo, kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha, na kwamba dawa haifanyi kazi ila kwa mkono wake na hapo hapo Samunge. Kwa maneno mengine, yeye alikataa kuvuka bahari. Bahari ndiyo ilimwendea. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, watu walitoka Kenya na Ghuba, mawaziri walikunywa. Bei ile ya chini inamtetea, maana hakuna tapeli wa kawaida anayetoza 500. Hata hivyo makumi ya watu walifariki njiani na kwenye foleni, na wako waliotoka vitandani hospitalini ili kwenda, na walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa kuwa wamekunywa kikombe. Mwasapile alifariki Julai 2021. Hakuna aliyelazimishwa kuacha dawa za hospitali. Imani ya watu ilitosha.

Upande wa pili wa Loliondo ni dawa mseto ya malaria. Mchina Tu Youyou, katika mradi wa siri ulioanza Mei 1967, alipekua vitabu vya kale akakuta katika maandishi ya Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, maelekezo ya kuukamua mmea mmoja kwa maji baridi bila kuuchemsha. Akajaribu kwa joto dogo, na artemisinini ikapatikana. Alipewa Tuzo ya Nobel 2015. Zanzibar ilianza kutumia dawa za jamii hiyo 2003, vikafuata vyandarua na upuliziaji, na malaria ikaporomoka kiasi ambacho wodi za watoto za Pemba zilibadilika sura ndani ya miaka michache. Dawa hiyo haijali mkono wa nani umeitoa. Haihitaji Mchina, haihitaji dakika 45, inamponya hata mtoto aliyezimia asiyejua jina lake. Hiyo ndiyo tiba iliyopanda kutoka fungu la pili kwenda la kwanza, na ilipanda kwa kukubali kuachana na mwenyewe.

Nyingi haziwezi kupanda hivyo, na si aibu. Kuchuliwa hakuwezi kutiwa kwenye paketi. Lakini tiba inayobaki imefungamana na mtu wake, basi mtu huyo ndiye anayepaswa kuchunguzwa, na hapo ndipo ugeni unapogeuka tatizo la kidini kuliko la kisayansi.

Liondolewe kwanza kisingizio kimoja. Husemwa kwamba mganga akimwambia mgonjwa ukweli, nguvu inapotea, kwa hiyo uongo mdogo ni sehemu ya dawa. Kaptchuk alilijaribu hilo pia. Mwaka 2010, katika jaribio dogo la watu 80, baadhi walipewa vidonge na kuambiwa wazi kuwa havina dawa ndani. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 59, dhidi ya 35 kwa wasiopewa kitu. Jaribio dogo halijengi nyumba, ila linatosha kumnyang'anya tapeli utetezi wake. Ukweli hauui nafuu. Anayedanganya anadanganya kwa faida yake.

Kisha ije dhamana. Iko hadithi iliyopokewa na Abu Daud na an-Nasai kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini. Mafakihi waliifanyia kazi sana. Tabibu hodari aliyeitekeleza kazi yake ipasavyo kwa idhini ya mgonjwa, akifa mgonjwa mikononi mwake, hadaiwi. Asiyejua aliyejitia kujua, anadaiwa. Na al-Khattabi, mshereheshaji wa hadithi wa karne ya kumi, alieleza kwamba kwa wanazuoni wengi fidia ya kosa la tabibu huwa juu ya aqila yake, yaani jamaa zake wa ukoo wa baba.

Aqila ni kanuni yenye akili nyingi. Ukoo unaojua kwamba utachanga fidia hauwezi kumwachia kijana wao ashike wembe wa kuumikia kabla hajajifunza. Wanamkanya, wanamsimamia, wanamwambia ami yake amtazame. Kanuni hii inafanya kazi Kengeja hata kama hakuna aliyeisoma kwa al-Khattabi, kwa sababu fundi akimkata mtu vibaya, jioni watakutana msikitini, na dada wa huyo ameolewa kwa binamu wa yule. Kanuni inadhani mambo mawili: kwamba watu wanamjua tabibu, na kwamba ukoo wake uko karibu.

Mpandishe ndege. Kijana wa kusini Pemba anayepata kazi ya hijama, yaani kuumika, huko Muscat, au anayefungua chumba cha sindano na vikombe katika mji wa baridi wa Canada, amekatika pande zote mbili. Hakuna anayemjua, na ndiyo maana wanamwamini. Ukoo wake hauwezi kumwona. Sindano ikiingia kifuani pembe mbaya hutoboa pafu; ni nadra, lakini imetokea mara nyingi vya kutosha kuwa somo la kawaida vitabuni. Wembe au kikombe kisichotakaswa hupitisha homa ya ini. Nani atachanga? Nchi nyingine zimejenga mbadala wa aqila. California hutoa leseni za tiba ya sindano tangu 1976. Uingereza, mwanachama wa British Acupuncture Council hufanya kazi akiwa na bima. Bima ni ukoo wa kukodi: wasiofahamiana wanachangiana fidia, na chama kinamkanya anayetaka kucheza. Mfumo huo hauna upendo, lakini unalipa.

Wanaokuja kwetu nao wapimwe kwa kanuni hiyo hiyo. Daktari wa Jiangsu, kwa yote ambayo mtu anaweza kuyasema juu ya siasa ya China, ana aqila: serikali iliyomtuma, wizara iliyompokea, hospitali inayoweka faili. Uganda wamekuja Waingereza wa shirika la Moxafrica, lililoanzishwa 2008, wakijaribu kama majani yale ya kuunguza karibu na ngozi yanaweza kuwasaidia wagonjwa wa kifua kikuu wanaoendelea kumeza dawa zao, na wakafanya jaribio pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere. Mtu anaweza kuitilia shaka dhana yao, na mwandishi anaitilia shaka. Lakini walikubali kupimwa mbele ya watu, na hawakumwambia mgonjwa aache vidonge. Anayetia hofu ni yule wa tatu, Mzungu, Mchina au Mswahili wa kutoka ng'ambo, anayekuja na vyeti vya mafunzo ya wiki chache, anatibu bure msimu mmoja karibu na fukwe, kisha anaondoka na picha. Ubure wake haumpunguzii dhamana. Hadithi ile haikutaja malipo.

Serikali zimejaribu. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala 2002, Zanzibar yake ikaja 2008, na kila upande una baraza la kusajili. Mwishoni mwa 2015 Wizara ya Afya ya Bara ilipiga marufuku matangazo ya tiba hizo redioni na kwenye televisheni, hatua iliyowaudhi wengi na iliyostahili, kwani tangazo ni njia ya kujulikana bila kujulikana. La maana zaidi, na lisilotajwa sana, ni kwamba Bara mganga anayetaka kusajiliwa huanzia kwa serikali ya kijiji au mtaa wake, ambako anathibitishwa kuwa ndiye na kwamba kweli anatibu. Ni utaratibu wa mihuri na kusubiri, na unaweza kununuliwa kama mihuri mingine. Lakini ni al-Khattabi mtupu: waulizwe kwanza wanaomjua. Afisa wa Muscat au Toronto akiletewa barua ya sheha wa Kengeja hana namna ya kuipima, na sheha naye hana wa kumwuliza kuhusu mgeni aliyefika jana na sanduku la sindano.